Pengo Kwenye Minyaa

Wanaolijua joto la Shinyanga mwezi wa nane wanadhani wamelijua lote. Mimi nimeendesha gari ndani yake huku nimewasha hita. Ukiwa na gari la dizeli lililozeeka, lisiloweza kupooza injini yake, fundi atakwambia ufungue hita hadi mwisho ili joto la injini lihamie kwako. Basi unateremsha vioo vyote, upepo wa moto unakupuliza magotini, jua linakupiga usoni, jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale wa joto. Niliendesha hivyo miaka mitatu. Walionipungia mkono njiani walidhani nakenua kwa furaha ya kumiliki gari.

Nililinunua Katoro, kwa dalali wa dhahabu aliyekuwa amepata jipya. Lilikuwa la kijivu, refu, lenye mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo na mngurumo mzito unaosikika kabla halijakata kona. Dalali alisema halijawahi kumsumbua hata siku moja. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaamini maneno ya mtu anayeuza.

Wakati ule kazi yangu ilikuwa kuendesha karasha Geita, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Karasha inazungushwa na injini ndogo ya dizeli ambayo juu yake kuna tangi la maji lililo wazi. Ikifanya kazi maji yanachemka na kutoa mvuke kama sufuria ya ugali, na wewe huna shughuli nyingine ila kuongeza maji. Haina mshale wa joto, haina feni, na ikichemka ndiyo kwanza unajua kazi inaendelea. Sisi watu wa machimbo tumelelewa na injini hizo, ndiyo maana magari yanatufia mikononi. Nilipoona gari langu linachemsha nilifanya nilichozoea: nikaongeza maji. Tena maji yenyewe niliyachota kwenye bwawa tunalooshea mchanga wa mawe, maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Baada ya miezi sita rejeta ilikuwa imeshiba tope. Fundi wa kwanza alifungua injini, akatoa kidude cha shaba chenye springi, akakishika kwa vidole viwili kama kupe aliyemtoa kwenye ng'ombe.

"Hii ni themostati," akasema. "Wameiweka kwa ajili ya nchi za baridi. Huku kwetu inazuia maji bure."

Akaitupa juu ya bati la banda lake, nami nikamshukuru. Fundi wa pili aliikaza feni kwa bolti ili izunguke muda wote. Wa tatu aliziba tundu la rejeta kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Kila mmoja alinirudishia gari likiwa limepona kwa siku nne. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, lakini mimi mafundi sikuwaficha kitu. Niliyemficha alikuwa mama.

Mama alikuwa mzaliwa wa Isaka, na usichana wake aliumaliza kando ya reli akiwauzia abiria karanga za kuchemsha. Baba alipomwoa alimhamishia Kishapu, kwenye kijiji cha ndani kidogo kutoka Mhunze, kwenye pamba na ng'ombe na mvua za kubahatisha. Baba alipofariki mama alibaki huko na dada yangu mdogo. Siku nilipomwambia kwenye simu kwamba nimenunua gari hakunipongeza, aliniuliza upana wake. Nikamwambia hatua mbili na kitu. Kesho yake alichukua panga, akaenda kwenye ua wa minyaa unaozunguka mji wetu, akakata pengo la hatua nne. Alisema gari la mtoto lisije likakwaruzwa. Minyaa ina utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni unaweza kulipofua, kila mtoto wa kwetu anaonywa hivyo kabla hajajua kuhesabu. Mama alijifunga kanga hadi kwenye nyusi, na bado jicho moja lilivimba siku mbili.

Pengo lile likakaa miaka mitatu bila gari. Mbuzi wa jirani walilifanya njia yao, wakamaliza mchicha wote. Nilipokwenda kumsalimia mama nilikwenda kwa basi, na kila mara nilikuwa na sababu mkononi: gari liko kwa fundi kubadilishwa oili, gari nimemwazima mtu mwenye msiba, gari linangoja matairi. Mama alinisikiliza, akaniletea maji ya kunawa. Dada alimwambia mara nyingi wapande minyaa mingine pale, mbuzi watawaua kwa njaa.

"Liache," mama alikuwa anajibu. "Litakuja."

Mwaka jana, mwezi wa nane, dada alinipigia asubuhi nikiwa natia mafuta kwenye karasha. Mama alikuwa amevimba miguu kwa wiki nzima, na sasa alikuwa hawezi kulala. Akijilaza anakosa pumzi, kwa hiyo amekesha ameketi. Mhudumu wa zahanati alisema moyo umechoka, apelekwe hospitali mjini Shinyanga siku hiyohiyo, wasingoje kesho. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito mbali. Kwenye bodaboda asingeweza kukaa. Kabla dada hajamaliza nilimwambia nakuja na gari.

Nataka niliseme hili wazi. Niliijua hali ya gari lile kuliko mtu yeyote duniani. Mabasi yalikuwepo. Mhunze kulikuwa na watu wenye magari ya kukodi, na namba zao ninazo. Lakini nililiona lile pengo, nikajiona naingia na gari taratibu, majirani wamesimama mikono kiunoni. Hicho ndicho nilichokiona, badala ya kumwona mama anahangaika na pumzi. Ninajilaumu kwa mengi, na hilo ndilo la kwanza.

Niliondoka Geita saa mbili kasoro nikiwa na madumu manne ya maji nyuma. Safari ya gari la namna ile ina ratiba yake. Unakwenda mpaka mshale unapopanda, unaegesha, unafungua boneti, unangoja. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi ukiwa na moto, nina kovu mkononi la kunikumbusha. Baadaye unaufunika kwa tambara, unaulegeza robo, unauacha upumue, kisha unamimina maji kidogo kidogo, maana ukiyamimina kwa pupa chuma kinapasuka. Unaondoka. Ukianza kuamini kwamba leo limekubali, mshale unapanda tena. Nilisimama mara sita kabla ya Kahama.

Hakuna aliyeninyima maji njiani, na hilo nalo linaniuma. Katika kijiji kimoja mama wa makamo alinitolea maji yake ya kunywa, nchi ikiwa kavu na kisima kiko mbali. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nilikotoka na ninakokwenda, hali ya nyumbani, hali ya mifugo. Salamu za kwetu hazikatwi hata kama gari linaungua. Nikamwambia nampelekea mama yangu gari la kumfikisha hospitali. Akajaza dumu mpaka juu.

"Wabeja, mayu," nikamshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Kamuwahi mama."

Saa saba mchana nilikuwa Isaka. Pale malori yamejipanga kando ya barabara yakingoja mizigo ya kwenda magharibi, na nilipoegesha katikati yake bomba la juu la rejeta likapasuka. Maji yote yalimwagika mchangani. Mzee mmoja, dereva wa lori, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tela lake anapika wali kwenye jiko la mkaa. Alivaa baraghashia, na kwa lafudhi alikuwa mtu wa pwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lina nini hilo?"

"Linachemsha kidogo tu."

Alisimama akaja. Hakuangalia bomba. Alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akanionyesha upande wa chini. Oili ilikuwa imegeuka nyeupe na nzito kama maziwa mgando.

"Gasketi ya silinda hedi imekwenda," akasema. "Maji yanaingia kwenye oili. Hapa hakuna gari, mwanangu. Unakwenda wapi?"

Nikamweleza habari ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niliache gari palepale, yeye mzigo wake haujapakiwa na atalilinda hadi kesho. Mabasi ya Shinyanga yanapita kila wakati. Nipande, nitangulize simu Mhunze, wakodi gari la kumchukua mama, tukutane hospitali. Aliniambia taratibu kama anayemwelekeza mtoto dukani. Nilimjibu kwamba nitalifunga lile bomba kwa mpira wa tairi na litafika.

"Wewe ndiye unayemjua mama yako," akasema. Akaniletea kisu na ukanda wa mpira.

Nilikuwa nimeinama nafunga bomba simu ilipolia. Alikuwa dada.

"Kaka, umefika wapi?"

Nikamuuliza mama anaendeleaje. Akasema anapumua kwa shida. Akasema jirani yetu mwenye lori anapeleka pamba kiwandani Shinyanga, amesimama hapo nje, ametoa nafasi ya mbele ili mama aketi. "Anasema kama wewe uko mbali, amchukue sasa hivi."

Kwetu mtu akiulizwa amefika wapi hujisogeza mbele. Ambaye hajaoga yuko kituoni, aliye kituoni anashuka, anayeshuka anabisha hodi. Hakuna anayeuita uongo. Ni namna ya kumtuliza anayengoja, na anayengoja naye anajua kujumlisha saa nzima juu yake. Nami nilijibu kama ninavyojibu siku zote, mikono ikiwa na grisi, simu imebanwa na bega.

"Nimeshakata kona ya Kolandoto," nikasema. "Niko kwenye vumbi. Nusu saa tu."

Tinde sikuwa nimeiona. Shinyanga sikuwa nimeiona. Kolandoto ilikuwa mbele ya hizo zote. Na nikiwa bado nasema, nyuma yangu mabehewa ya mizigo yalianza kuunganishwa, ule mgongano wa chuma unaokimbia kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, kisha treni ikapiga honi. Niliziba simu kwa kiganja.

"Ngoja nimuulize mama," dada akasema.

Nilisikia sauti zao kwa mbali bila kushika maneno. Aliporudi alizungumza polepole.

"Mama amesema lori liende. Anakungoja wewe."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Yule mzee wa pwani alikuwa amesikia kila neno. Alirudi kwenye jiko lake, akapalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua karibu saa tano. Baada ya Tinde niliacha kuangalia mshale, maana ulikuwa umelala kwenye nyekundu na hauinuki. Gari lilikuwa linatoa moshi mweupe nyuma, na kila kilima nilikipanda nikilisemesha kama punda. Dada alipiga simu mara tatu. Niliiacha iite, kwa sababu nilikuwa sina tena mahali pa kumdanganya kwamba nimefika. Shinyanga nilipita mbele ya geti la hospitali ileile aliyotakiwa kuletwa, nikaliacha nyuma, nikaendelea kwenda kumchukua.

Kwenye vumbi la Mhunze lori lilinipita kwa kasi, tupu, turubai linapepea. Nililitambua. Lilikuwa lori la jirani, limeshafika mjini, limeshusha pamba yake, limekula foleni, na sasa linarudi nyumbani kabla yangu. Dereva alinipigia honi ya salamu bila kunitambua.

Niliingia kwenye pengo saa kumi na mbili kasoro, gia ya kwanza. Nafasi ilikuwa tele, minyaa haikunigusa upande wowote. Majirani walikuwepo kweli, wamesimama kama nilivyowaona kichwani. Katikati ya uwanja injini ilijizima yenyewe. Niligeuza ufunguo, ikatoa mlio mmoja wa chuma kukamata, halafu haikutoa mlio mwingine wowote. Haijatoa mpaka leo.

Mama alikuwa ameketi nje kwenye kiti, amevaa kitenge cha kanisani, kikapu kiko pembeni. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ndala haziingii, ameiweka juu yake tu. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wana wane. Pole na njia."

Nilimwambia gari limekataa, tutafute jingine. Dada alishaanza kukimbia kuelekea kwa jirani mwenye lori. Mama akanyoosha mkono.

"Nipandishe."

"Mama, haliwaki."

"Nipandishe. Nitangoja humo."

Wanawake wawili wa jirani walinisaidia, tukamketisha mbele. Alikuwa mzito kwa maji na mwepesi kwa kila kitu kingine. Akaomba nifunge mlango. Nilizunguka nikakaa upande wa usukani, kama tunaotaka kuondoka. Alipitisha kiganja kwenye dashibodi, akaangalia vumbi lililobaki kidoleni, akalifuta kwenye kitenge. Kila pumzi ilikuwa kazi ya peke yake.

"Kuna joto humu," akasema.

"Ni hita, mama."

"Izime basi."

Injini ilikuwa imekufa na hita imekufa pamoja nayo, joto lile lilikuwa la chuma tu. Lakini nilizungusha kitufe mpaka mwisho wa upande wa baridi, nikamwambia tayari. Akatikisa kichwa kukubali. Tukasikia lori la jirani linawashwa kule kwake, kisha linakuja.

"Hilo ni la jirani," mama akasema.

Lilipofika kwenye pengo alikuwa ameshaondoka. Nilijua kwa sababu gari lilikuwa kimya, na mimi ndani yake sikusikia pumzi nyingine isipokuwa yangu.

Msibani walinisifu. Walisema mama amefia kwenye gari la mwanawe, na si kila mama anapata hiyo. Walisema nimepigana na njia kutwa nzima. Wazee waliokuwa hawanijui walinishika mkono kwa mikono miwili. Nilikaa pale kwenye mkeka napokea heshima ile kama anayelishwa nyama ya wizi, na sikumwambia mtu.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikwenda, kwa basi, kuliziba lile pengo. Dada alikuwa amelalamika tena habari ya mbuzi. Gari liko palepale liliposimama, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Minyaa haihitaji kazi nyingi, unakata matawi kwenye ua wa zamani, unayachomeka ardhini, yanashika yenyewe. Nilikuwa nakata na kuchomeka, dada ananipimia mstari kwa kamba. Tulikuwa tumefika katikati aliposema, bila kuniangalia:

"Kaka, siku ile simu niliiweka spika. Ili mama naye akusikie."

Niliendelea kuchomeka.

"Yale mabehewa yalipogongana, akasema, huyo yuko Isaka. Sikubisha, si unajua ameuza karanga pale. Nikamwambia, basi mama, twende na lori. Akakataa." Alivuta kamba ikanyooka. "Akasema, akifika akakuta nimekwenda na lori, atajua kwamba nimejua. Mwache aje. Asije akaaibika mbele ya watu."

Nilimuuliza kwa nini amekaa na hilo mwaka mzima.

"Alinikataza nisikwambie."

"Mbona sasa unaniambia?"

"Kwa sababu unaliziba," akasema.

Niliweka panga chini. Utomvu wa minyaa ulikuwa umenijaa mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, kwa hiyo sikuweza hata kujifuta macho.